Moto unaotoka malishoni kila Februari: jibu kwa kikundi cha akina mama wa Bweyale

Swali: "Sisi ni kikundi cha akina mama 18, tuko karibu na Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Miaka mitano iliyopita tulipanda misonobari ekari tatu na mikaratusi ekari moja. Upande mmoja tunapakana na msitu wa hifadhi, upande wa pili kuna mbuga wanakochungia ng'ombe. Februari, saa nane mchana, moto ulitoka malishoni ukatuchomea karibu ekari moja. Mume wangu anasema tuwe tunachoma nyasi wenyewe mapema. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, anasema kuchoma ni kosa, tutafungwa. Wazee wanasema moto ulikuwepo tangu zamani na hauzuiliki. Tumsikilize nani? Na miti iliyoungua tuikate au tungoje?"

Jibu:

Dada yangu, poleni sana. Najua ekari moja ya msonobari ni nini. Mkiwa mmepanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hapo ilisimama miti kama 450, na kila mmoja mliuchimbia shimo na kuupalilia huku mkilea watoto na kulima mahindi. Nimefanya kazi ya misitu upande huu wa Masindi na Kiryandongo kwa muda mrefu, na bado sijazoea kumwona mpanda miti amesimama kwenye majivu yake. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, na ninaomba jibu hili mlisome kikundi kizima, maana kazi iliyomo hamtaiweza mkiwa wawili watatu.

Mumeo, mwenyekiti na wazee hawabishani juu ya kitu kimoja. Kila mmoja anazungumzia moto wake. Mumeo anazungumzia moto wa mwisho wa Novemba. Mwenyekiti anazungumzia moto usio na mwenyewe. Wazee wanazungumzia moto wa mbugani ambao hata babu zao waliukuta. Uliowachomea miti ni wa nne: moto wa Februari, saa nane mchana, upepo ukiusukuma kwa nyuma.

Nianze na huo. Kwenu mvua hukatika kuelekea Desemba, na ikifika Februari nyasi zimesimama kimo cha mtu, zimekauka mpaka shinani. Asubuhi huwa na umande kidogo. Kuanzia saa sita hadi saa kumi hewa hukauka, jua hupiga, na upepo wa kiangazi unaotoka kaskazini-mashariki huamka. Moto ukiwashwa saa hizo hauzimwi na watu wenye matawi mkononi, unawapita tu. Ukikuta mteremko hupanda mbio zaidi, kwa sababu ndimi zake huziinamia nyasi za juu na kuzikausha kabla hazijaguswa. Ndiyo maana nasema bila kuficha: mlipouona moshi, ekari ile ilikuwa imekwisha kwenda. Msijilaumu kwa mliyofanya au kutofanya siku hiyo. Ekari hiyo ilipotea miezi mitatu nyuma, nyasi zile zilipoachwa zisimame na kukauka kati ya malisho na miti yenu, na hakuna mtu aliyeketi na wachungaji kuongea nao.

Sasa wazee. Wanasema kweli kwamba moto ni wa zamani. Mbuga za Kiryandongo, Nwoya na Nakasongola zimeishi na moto kuliko tunavyoweza kuhesabu, na miti yake imejifunza kuuvumilia. Tazameni mti wa shea, ule unaotoa mafuta ya moo yaa: gome lake ni nene, limepasukapasuka kama matofali, na ukiunguzwa mdogo huchipua tena kutoka mizizini. Msonobari wenu hauna historia hiyo hapa. Mkipanda mti mgeni katikati ya mbuga inayoungua, mmejichukulia jukumu la kuukinga, kama mtu anayefuga kuku penye kicheche.

Lakini wazee wanakosea wanaposema hauzuiliki. Wanamisitu wa Olokemeji, Nigeria, kuanzia 1929, na wa Ndola, Zambia, kuanzia 1933, walichukua eneo la miti wakaligawa vipande. Kipande kimoja kilikingwa moto kabisa, kingine kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, na cha tatu kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Baada ya miaka mingi, kilichokingwa kilisongamana miti na vichaka, kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake kwa kiasi kikubwa, na kilichochomwa mwishoni kiligeuka kuwa nyasi na visiki. Kilichotofautisha vipande hivyo viwili vilivyochomwa ni mwezi wa kuchoma.

Na hatuhitaji kwenda Zambia. Jirani zenu wa mbuga ya Murchison Falls wana somo lao. Mwaka 1961 Buechner na Dawkins walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi mapori ya miti ya huko yalivyogeuka kuwa mbuga ya nyasi. Tembo waliuchuna mti gome, na moto ukaingilia kwenye kidonda. Mti mkubwa ulikufa, mche wake ukaungua kila mwaka kabla haujapata kimo, na nyasi zikachukua nafasi. Mti wenye afya huweza kuvumilia moto mmoja, hata miwili. Kinachoumaliza ni kidonda na moto vikifuatana, mwaka hadi mwaka, bila nafasi ya kupona.

Upande wenu wa pili ni msitu wa hifadhi, na huko mambo ni tofauti kabisa. Msitu mnene wa Uganda hauungui kirahisi. Chini yake kuna kivuli, majani yaliyolala yana unyevu, na nyasi hakuna kwa kuwa nyasi zinataka jua. Budongo ni mfano tulio nao mlangoni. Eggeling aliyeuchunguza msitu huo, na kuchapisha kazi yake 1947, alionyesha kwamba ulikuwa unatembea kuingia mbugani: mbele wakitangulia musizi na miti mingine inayopenda jua, nyuma ikifuata mivule na mihogani, na baada ya miaka mingi sana miti migumu ya kivulini. Msitu ulipiga hatua hizo pale tu moto ulipokaa mbali. Msitu wa Kibale ulionyesha jambo lile lile baadaye. Baada ya watu waliokuwa wamelima ndani ya hifadhi kuondolewa mwaka 1992, mradi wa mamlaka ya hifadhi za wanyamapori (sasa UWA) na taasisi ya FACE ya Uholanzi ulianza 1994 kupanda miti palipokuwa pamejaa mabingobingo. Watafiti waliofuatilia waliona jambo lililowafurahisha: kuzuia moto peke yake kulitosha kuifanya miti mingine mingi ijirudie yenyewe, kwa mbegu zilizoletwa na ndege na nyani.

Kwa hiyo ukingo wa hifadhi ni ngao yenu, mradi uwe umefunga. Nimeona vikundi vingi vikiufyeka ukingo huo uonekane safi, vikidhani vinajikinga. Hilo ni kosa. Ukifyeka vichaka vya majani mapana na kukata fito, unaingiza jua, jua linaleta nyasi na ule mmea wa miiba wa lantana ambao Waganda huuita kayukiyuki, na baada ya misimu miwili umetengeneza njia ya moto kuingia msituni mahali ambapo haikuwepo. Moto ukipita mara moja hapo, mwaka unaofuata nyasi zimesogea hatua kumi ndani. Huko acheni kivuli. Kama pameshakuwa wazi, pandeni musizi, miembe na mifenesi kwa safu mbili au tatu za karibu. Mwembe mkubwa wenye majani ya kijani kibichi Februari nzima hauachi unyasi hata mmoja chini yake. Msipande Senna spectabilis, ule mti wa maua ya njano uliotumiwa zamani kuonyesha mipaka ya hifadhi. Budongo sasa inahangaika nao, maana umeingia ndani na kuizuia miche ya asili isiote.

Msidanganywe pia na unyevu. Februari 2012 moto uliwaka Rwenzori juu ya mita 4,000, kwenye milima ambayo wengi wetu tunaijua kwa mvua na matope. Kiangazi kikikaza, hata mahali tulipopaamini huungua.

Turudi kwa mumeo na mwenyekiti. Mwenyekiti ana sheria mkononi. Tuna Sheria ya Kukataza Uchomaji wa Nyasi ya mwaka 1974, na ile ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inakataza kuwasha moto ovyo ndani ya hifadhi. Lakini sheria ya nyasi imelenga uchomaji usiodhibitiwa. Imeacha mlango wa kuchoma kwa idhini na chini ya usimamizi. Kwa hiyo mumeo naye hajakosea, ila hawezi kuamka asubuhi na kiberiti. Nendeni gombolola, ile ofisi ya serikali iliyo chini ya wilaya, na barua fupi: nani mnachoma, wapi, upana gani, wiki gani, watu wangapi watakuwepo. Mpeni nakala mwenyekiti wa LC1, afisa misitu wa wilaya, na kwa kuwa mnapakana na hifadhi, afisa wa NFA (mamlaka ya misitu ya taifa) anayesimamia eneo hilo. Ombeni mmoja wao awepo siku hiyo. Barua hiyo itawakinga pia iwapo moto wa mtu mwingine utatokea wiki hiyo hiyo na mkaanza kunyoshewa vidole.

Uchomaji wenyewe ni hivi. Msubiri mwisho wa Novemba au siku za kwanza za Desemba, nyasi zikiwa nusu njano nusu kijani. Ukizikunja mkononi zinajikunja kwa shida, hazikatiki kama njiti. Limeni kwa jembe mistari miwili ya udongo mtupu, kila mmoja mita 2, ikiachana mita 10 hadi 12, kati ya malisho na miti yenu. Nyasi zilizobaki katikati ndizo mtakazochoma. Anzeni saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa mdogo na thabiti, mkiwasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo. Moto wa namna hiyo unafika magotini na unatembea kama mzee. Umande wa usiku utamalizia. Watu wasipungue kumi na wawili, wenye matawi mabichi, majerikeni ya maji, na zile pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, zikiwa zimeoshwa vizuri sana. Watu wawili walale hapo hapo. Upepo ukibadilika kabla hamjawasha, rudini nyumbani, mtajaribu kesho. Na kama Desemba imepita na nyasi zimekauka kabisa, msichome tena mwaka huo. Zilimeni au zifyekeni na kuzikusanya.

Nasisitiza kuzikusanya. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kikundi kufyeka nyasi Januari na kuziacha zilale pale pale. Hizo zimegeuka kuwa mkeka mkavu, na moto unatembea juu ya mkeka huo kama kwenye barabara. Zibebeni mkafunikie mashina ya migomba na kahawa, au wapeni wenye ng'ombe.

Swali linalofuata huwa ni upana wa njia ya moto, yaani ule ukanda mtupu wa kuuzuia moto, na hapa kuna hesabu ambayo vikundi vidogo hawaambiwi. Kwa nyasi za kimo cha mtu ninashauri njia ya moto isipungue mita 10 upande wa malisho. Chukueni ekari zenu tatu za msonobari, tuseme ni mraba: kila upande una mita kama 110. Mkizungusha njia ya mita 10 ndani ya mpaka wenu pande zote nne, mmepoteza mita za mraba 4,000, yaani ekari nzima kati ya tatu. Hakuna mkulima atakayekubali hilo, na ndiyo sababu njia nyingi nilizozikagua zilikuwa na upana wa mita 3, ambazo moto wa Februari unaziruka bila kujua kuna kitu. Sasa chukueni majirani watatu wenye ekari tatu tatu kama zenu, muungane kuwa shamba moja la ekari 12 lenye njia moja ya nje. Mraba huo una mita 220 kila upande, na njia ile ile ya mita 10 inakula ekari mbili tu kati ya 12. Kila mmoja ametoa nusu ekari badala ya ekari nzima, na mnalima kwa mikono ya vikundi vinne. Wapanda miti wengine wapo karibu nanyi, wengine wamekodi ardhi ndani ya hifadhi yenyewe. Watafuteni kabla ya kununua hata panga moja.

Tena njia si lazima ilale bure. Pandeni karanga au maharagwe msimu wa pili wa mvua. Yakishavunwa, udongo unabaki mtupu wakati ule ule mnaouhitaji utupu. Viazi vitamu ni vizuri zaidi, maana majani yake yanayotambaa hubaki kijani. Mahindi nayakataa, nikijua kwamba Kiryandongo ni nchi ya mahindi: mabua makavu yaliyosimama Januari ni mabaya kama nyasi. Mkiyapanda, muyakate na kuyaondoa kabla ya Krismasi. Upande wa kaskazini na mashariki, unakotoka upepo wa kiangazi, fanyeni mita 15. Upande wa hifadhi, kama kivuli kimefunga, mita 4 za kupita watu zinatosha.

Nimeandika mengi kuhusu jembe, lakini kama ningeruhusiwa kuwaambia jambo moja tu, lingekuwa la wachungaji.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikisaidia kikundi kimoja kulima njia nzuri sana, pana, iliyonyooka kama barabara ya lami. Sikukanyaga kwenye mazizi ya jirani hata siku moja. Nilidhani kazi yangu ilikuwa miti. Machi mwanzoni, mvua zikiwa zinanukia, moto uliwashwa malishoni ili majani mabichi yachipue, upepo ukabeba vipande vya nyasi vinavyowaka na kuvitupa ng'ambo ya njia. Shamba lile liliungua mpaka katikati. Nilipokwenda kuongea na mzee mwenye ng'ombe aliniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: hakujua kwamba ndani ya ile miti kulikuwa na watu wanaoitegemea. Alidhani ni mali ya tajiri fulani wa Kampala. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mfugaji hachomi kwa ubaya. Nyasi kongwe, hasa ile ngumu yenye harufu kali ambayo Wanyankole huiita omutete, ng'ombe haili, na bila moto inaifunika ile laini. Kupe nao wamejaa. Anachoma ili mifugo ipone miezi ya njaa. Mwindaji anachoma kumtoa anyeri, yule panya mkubwa anayeliwa, kichakani, mrina asali anaacha kijinga kinafuka chini ya mti, mchoma makaa anaondoka kabla tanuri halijazima, na mkulima anasafisha shamba saa saba mchana kwa sababu ndipo nyasi zinawaka vizuri. Kila mmoja ana shida yake, na kila shida ina mazungumzo yake. Kwenu sasa ni rahisi sana kusema ni Balaalo, wale wafugaji wanaohamahama, kisha mkutano ukaishia hapo kwa hasira. Nawasihi msifanye hivyo. Anayewasha moto ndiye pekee anayejua utawashwa lini, na mkimfukuza kwenye mkutano mmejinyima habari hiyo.

Waiteni wenye ng'ombe mwezi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, chini ya mwenyekiti wa LC1. Wapeni kitu. Misonobari yenu ikishapita kimo cha ng'ombe na matawi ya chini yakiwa yameondolewa, mnaweza kuwaruhusu wachunge ndani ya shamba kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa zamu, ng'ombe wasilale humo. Mdomo wa ng'ombe hukata nyasi kuliko mafyekeo yenu yote, na hamlipi senti. Wao watoe ahadi moja: wakitaka kuchoma malisho, wachome mwishoni mwa Novemba, vipande vipande, jioni, na wawaite. Ikiwezekana siku hiyo hiyo mnayochoma njia yenu, muwe pamoja. Vipande vilivyochomwa mapema vitachipua majani mabichi kidogo kwa unyevu uliobaki, na ndiyo kinga kubwa kuliko njia yoyote, kwa kuwa moto wa Februari ukifika hapo haukuti cha kula. Maafikiano hayo yaandikwe, yapelekwe baraza la kijiji na gombolola, yawe sheria ndogo ya mahali penu. Baraza lina uwezo huo.

Kuna jambo moja la adhabu nataka mlifikirie mnapoiandika. Niliwahi kumwona kijana aliyekuwa akirina asali, moto ukamponyoka, akakimbia kujificha kwa kuogopa kufungwa. Watu waliuona moshi saa mbili nzima zikiwa zimepita. Angepiga kelele dakika ile ile, watu watano wangeuzima. Kwa hiyo andikeni kwamba anayeponyokwa na moto akapiga kelele na kusaidia kuuzima hatatozwa faini, na anayekimbia atatozwa maradufu. Hii si huruma kwa wazembe. Ni njia ya kupata zile dakika kumi za kwanza, ambazo hamtazipata kwa namna nyingine.

Sasa miti yenyewe. Msonobari wenye matawi makavu hadi chini ni ngazi: moto wa nyasi unapanda tawi kwa tawi mpaka kileleni, na ukifika huko unaruka kutoka mti hadi mti, hakuna wa kuusimamisha. Katika umri wa miaka mitano matawi yote yaliyo chini ya mita 2 yawe yameondolewa, mkianza na safu tano za nje. Fanyeni Machi au Aprili, mvua zikianza, ili yaliyokatwa yaoze. Mkipogolea Desemba mtakuwa mmeshusha kuni chini ya miti wakati mbaya kuliko wote. Punguzeni pia miti iliyodumaa na iliyopinda. Iliyobaki itapata maji zaidi kiangazi, na mti wenye maji hushambuliwa kidogo na wadudu na hupona haraka ukichomwa. Mikaratusi yenu kagueni kama ina vinundu kwenye vikonyo vya majani. Huyo ni kijidudu aliyeonekana Uganda tangu 2002, na mkaratusi aliyeudumaza haukui kupita kimo cha moto.

Iliyoungua msiikimbilie kwa panga. Msonobari ukiwa umegeuka rangi ya kahawia, hiyo ni sindano tu. Ngojeni wiki sita hadi nane, kisha tazameni kileleni kama kuna kichipukizi kibichi. Halafu piga magoti, kwangua gome kidogo kwa kisu karibu na ardhi, pande nne za shina. Ngozi ya ndani ikiwa nyeupe na yenye maji, upo hai upande huo. Ikiwa kahawia na kavu pande zote nne, umekufa, na msonobari hauchipui kutoka kisikini. Ukatwe upesi uuzwe kama fito au kuni kabla wadudu na ukungu wa bluu haujaingia. Ile yenye nusu shina hai iachwe mwaka mmoja, ingawa kwa mbao itakuwa na kovu. Mikaratusi ni rahisi: iliyokufa juu ikateni kwa msumeno, kimo cha kiganja kutoka ardhini, kwa mkato ulioinama ili maji yasikae. Itachipua. Machipukizi yakifika kimo cha kiuno bakizeni mawili yaliyonyooka, upande unaotoka upepo.

Siku moto ukija hata hivyo, na miaka mingine utakuja, kwanza watoto, wazee na wajawazito waende penye udongo mtupu au shamba lililolimwa. Wanaozima wavae pamba, si nailoni, wafunike nywele, washambulie ubavu wa moto kutoka upande ulioungua, wasisimame mbele yake wala juu ya mteremko. Ukizidiwa, ingia penye majivu. Nyumba za nyasi ziwe na uwanja uliofagiwa mita 10 kuzunguka, kuni na maghala yasiegemee ukuta, na majivu ya jikoni yamwagiwe maji kabla ya kutupwa. Miti itapandwa tena.

Kuhusu ile ekari iliyoungua: ondoeni iliyokufa mwaka huu, lakini msijaze nafasi yote Aprili ijayo. Mita 15 za upande wa malisho ziacheni bila mti. Pimeni kwa kamba, wekeni vigingi mbele ya jirani mfugaji akiwepo, na mvua za kwanza zikinyesha gawaneni matuta ya viazi vitamu humo, kila mama na lake. Anayelima pale kila wiki ndiye atakayeuona moshi wa kwanza.